"Kali Sana" Haitoshi: Namna ya Kutazama Picha ya Mwenzako

Siku ya mechi za vitivo, ukipita uwanja wa chuo kuanzia saa 10 jioni utawaona. Mmoja amepiga magoti nyuma ya goli, mwingine kalala kifudifudi karibu na kibendera cha kona kama anakwepa risasi, wa tatu hana kamera, ana simu tu, lakini anakimbia kuliko hata winga. Filimbi ya mwisho ikilia, picha zinaanza kupita mkono kwa mkono. Na maoni ni yale yale: "Kali sana." "Noma." "Umeua mwanangu." Kesho yake kila mtu anarudi uwanjani kupiga picha ile ile aliyopiga wiki iliyopita, na kosa lile lile.

Kwetu Morogoro tuna bahati ya aina yake. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo hata mtu anayesafiri na basi tu anaweza kurudi na picha ya twiga au tembo. Ndiyo maana humu chuoni wapiga picha wa michezo na wapiga picha wa wanyama ni watu wale wale. Jumamosi yuko Uwanja wa Jamhuri, likizo fupi ikifika anachangisha wenzake nauli ya gari la kuingia hifadhini. Wengi hudhani hizi ni fani mbili. Kwa mtu aliyeshika kamera zinakaribiana mno, na ukishajua kwa nini, utajua pia cha kumwambia mwenzako anapokuonyesha kazi yake.

Swala hajui kwamba unampiga picha. Straika naye hajali. Huwezi kumwambia duma arudie kuruka, wala huwezi kumwomba kipa adake tena mpira uliokwisha kuingia wavuni. Mpiga picha wa harusi anasema "geuka huku kidogo, tabasamu", na bibi harusi anageuka. Sisi tunangoja. Halafu tunabashiri. Kinachomfanya mtu apate picha ni kujua tabia ya anachokipiga: kwamba ndege mkubwa akitaka kuruka huwa anajiinamisha kwanza na kujisaidia haja, au kwamba beki fulani wa kushoto kila akipata mpira lazima aangalie katikati kabla ya kupiga krosi. Aliyekaa dakika 40 akimtazama mnyama mmoja ana nafasi kubwa kuliko aliyepita kwa mnyama kumi. Kamera ya bei mbaya inasaidia, sikatai, ila haibashiri kwa niaba yako.

Jambo la pili linalowaunganisha ni mwendo. Ndani ya kamera kuna shata, kidirisha kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Kikikaa wazi muda mrefu, chochote kinachosogea kinatoka na ukungu. Kwa mchezaji anayekimbia, watu huanzia 1/1000 ya sekunde. Kwa ndege anayepiga mabawa, 1/2000 au zaidi. Sasa hapo ndipo shida ilipo, maana shata ikiwa ya haraka hivyo mwanga unaoingia ni kiduchu, na mechi zetu zinamalizika saa 12 jua linazama. Inabidi ufungue tundu la lenzi hadi mwisho, au upandishe ISO, na ISO ikipanda sana picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Hakuna jibu moja. Kuna kuchagua utakubali kupoteza nini.

Wapo wanaochagua kinyume kabisa. Wanashusha shata hadi 1/60, wanamfuata mkimbiaji kwa kuzungusha kiuno taratibu sambamba naye, na wanabonyeza huku bado wanazunguka. Ikikubali, mkimbiaji anatoka safi na jukwaa lote nyuma yake linakuwa mistari ya rangi. Ikikataa, na mara nyingi inakataa, una picha 50 za ukungu mtupu. Mtu asiyejua atazitazama na kusema umekosea. Anayejua atakuuliza ulikuwa unazungusha kiuno au mikono tu.

Swali dogo kama hilo ndilo linalomsaidia mtu. Sisi wa ualimu tumefundishwa jambo hili kwa jina la tathmini endelevu, na tukienda mazoezi ya kufundisha tunaliona kwa macho yetu kwenye madaftari: pata nyekundu, "Vizuri", saini, basi. Mtoto anahesabu pata zake na kufunga daftari. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa shule nchini Israel. Kundi moja lilipewa alama tu, la pili maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Kinachoshangaza ni kundi la tatu: walikuwa na maoni yale yale mazuri, lakini alama ilipokaa pembeni yake yakawa kama hayapo. Walifanya sawa na waliopewa alama tu.

Fikiria hilo kwa upande wa picha. Vile vimoyo vyekundu na vidole gumba tunavyogawa kwenye simu ni alama. Vinasema umepata ngapi, havisemi kwa nini. Na mtu akishaona picha yake imepata vimoyo 200, hata ukimwandikia sentensi tatu nzuri kuhusu mwanga hazimwingii. Ndiyo sababu vikundi vinavyosaidia watu kukua hukaa chini, ana kwa ana, na kutazama picha moja moja. Hata kundi la watu wanne kwenye benchi la nje ya maktaba linatosha.

Utaratibu ambao nimeuona ukifanya kazi ni huu: mwenye picha ananyamaza kwanza. Hii ni ngumu jamani, kwa sababu kila mpiga picha ana hadithi ya jinsi alivyoteseka kuipata. Alilowa, aliumwa na mbung'o, gari lilikwama. Lakini mtazamaji hana habari na mbung'o. Anaona kilichomo kwenye fremu tu, kwa hiyo wacha aseme anachokiona. Macho yake yalianza wapi? Yakaenda wapi? Yaliishia kwenye nini? Kama picha ni ya mshambuliaji anayepiga kichwa, na wote watatu waliotazama wanasema macho yao yalianzia kwenye ndoo ya maji ya njano iliyo nyuma ya goli, basi hakuna haja ya kubishana. Ndoo imeshinda.

Kuna picha moja ya mnana iliyowahi kukalisha watu karibu nusu saa. Mnana ni yule ndege mdogo wa njano anayesuka viota vya majani, wamejaa kwenye miti ya vyuo vingi hapa nchini, huhitaji kulipa kiingilio cha hifadhi. Aliyeipiga, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alimkuta dume ananing'inia kichwa chini kwenye mlango wa kiota, mabawa yamekunjuka. Wa kwanza kusema alidai ndege amenaswa. Wa pili akasema anatua. Wa tatu, anayesoma mambo ya wanyamapori, akaeleza kwamba dume wa mnana akimaliza kusuka hujining'iniza pale na kupigapiga mabawa ili majike wanaopita waje kukagua nyumba. Wakikataa, kiota kinaweza kubomolewa na kuanzwa upya. Mjadala ukageuka hapo hapo. Kumbe picha ilihitaji nafasi zaidi upande wa kulia, ambako huenda jike alikuwepo. Yule kijana alipekua simu yake, akakuta ya tatu kutoka mwisho ina jike kwenye tawi. Alikuwa ameiacha kwa sababu bawa la dume lilitoka na ukungu kidogo. Hiyo ndiyo iliyobandikwa.

Hivi ndivyo maarifa ya mtu mmoja yanavyoingia kwenye jicho la mwingine. Vygotsky, ambaye wenzangu wa kitivo cha elimu mmemchoka, angefurahi.

Kusifu nako kuna namna yake. Ukisema "nimependa ulivyoshuka chini hadi usawa wa macho ya nyani" umempa mwenzako kitu cha kurudia. Ukisema "nimependa" umempa kibali cha kulala usingizi. Vivyo hivyo kwa kukosoa. "Picha imeungua" haisaidii sana. "Manyoya ya yangeyange yamekuwa karatasi nyeupe, sioni hata unyoya mmoja" inasaidia, maana inamwonyesha kwamba kamera ilisoma majani meusi nyuma ya ndege, ikaongeza mwanga, na ndege mweupe akaungua. Dawa ni kupunguza mwanga kidogo kwa makusudi. Tatizo hilo hilo lipo uwanjani, ila kinyume chake. Mchezaji wetu mweusi amesimama, nyuma yake kuna anga jeupe la saa 9 mchana. Kamera inaogopa anga, inapunguza mwanga, na uso wa mtu unakuwa kivuli chenye meno. Picha za mashindano mengi ya vyuo zinaharibikia hapo. Sogea mpaka jua liwe mgongoni kwako, au pima mwanga kwenye uso na uache anga liungue. Hakuna aliyekuja kuangalia anga.

Pamoja na yote hayo, kuna sehemu ya kazi hii ambayo haifundishiki, nayo ni mahali ulipokaa. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza tu. Neil Leifer alipiga picha ya Ali amesimama juu yake, mkono umekunjwa kifuani, anamfokea ainuke. Leifer alikuwa na miaka 22, umri nilio nao mimi leo. Ukiitazama vizuri picha hiyo, katikati ya miguu ya Ali utamwona mpiga picha mwingine upande wa pili wa ulingo. Ni Herb Scharfman, mwenye uzoefu mkubwa kuliko Leifer, na wakati huo alikuwa anaona mgongo wa Ali. Leifer mwenyewe amekuwa akisema kwamba alibahatika kukaa upande ule. Kingine ni kwamba gazeti alilokuwa akilifanyia kazi, Sports Illustrated, halikuiweka picha hiyo jaladani wakati ule. Ilipofika mwaka 1999, lilipotoa toleo maalumu la picha bora za michezo za karne, ndiyo iliyokaa mbele. Kwa hiyo mwenzako akikuletea picha na wote mkaipita haraka, msiifute.

Upande wa wanyama mfano wangu uko hapa hapa nyumbani. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, yalianza mwaka 1965. Mwaka 2014 mshindi mkuu alikuwa Mmarekani Michael Nichols kwa picha ya simba majike watano na watoto wao wamejilaza juu ya mwamba Serengeti. Familia hiyo ya simba ilijulikana kwa jina la Vumbi. Picha ni nyeusi na nyeupe, imepigwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na anga lake linatisha kama mwanzo wa dunia. Mara ya kwanza unaona simba wamelala tu. Ukielezwa kwamba muda mfupi kabla ya hapo majike hao walikuwa wamemfukuza mmoja wa madume wao, unatazama tena namna walivyobanana. Nichols aliwafuata kwa miezi kadhaa hadi wakamzoea. Miezi michache baada ya picha, familia ilitoka nje ya mpaka wa hifadhi, na majike watatu wakauawa. Mwamba bado upo, hao simba hawapo, na picha ndiyo hiyo.

Ndiyo maana nasema ukweli wa picha ni jambo zito. Mashindano hayo hayo yamewahi kuwanyang'anya watu ushindi. Picha iliyoshinda mwaka 2009, ya mbwa mwitu wa Hispania akiruka geti la zizi usiku, ilifutwa Januari 2010. Majaji walilinganisha alama za mwili wake na za mbwa mwitu aliyefugwa kwenye bustani moja karibu na Madrid, wakaona kuna uwezekano mkubwa ni yeye. Mpiga picha alikana. Mwaka 2018 ikafutwa picha iliyoshinda kundi mojawapo mwaka uliotangulia, ya mnyama mla-sisimizi akikaribia kichuguu kinachong'aa usiku huko Brazil. Wataalamu watano, kila mmoja kwa nafasi yake, walisema anafanana kabisa na mla-sisimizi aliyekaushwa na kuwekwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi. Naye mwenye picha alikana. Katika visa vyote viwili uchunguzi ulianza kwa sababu kuna mtu aliitazama picha kwa makini kuliko wengine, akajiuliza swali. Watu walioishia kwenye "kali sana" wasingegundua kitu.

Sisi hatushindanii London, lakini vishawishi vidogo tunavyo. Dereva anaombwa apige honi ili tembo ageuke. Mtu anarushia nyani ndizi ili asogee, na wiki ijayo nyani huyo anaingia kwenye gari la familia yenye watoto. Kwenye benchi letu kuna swali linaloulizwa bila aibu: ulifanya nini ili upate hii? Kama jibu lina ndizi ndani yake, picha hairudi tena mezani, hata iwe nzuri vipi.

Na kuna jambo ambalo wavulana wenzangu hawapendi nilitaje. Netiboli. Mchezaji anaruka, sketi inaruka, mtu anabonyeza. Kisha picha inapita simu hadi simu usiku kucha, watu wanacheka, na dada wa watu kesho yake anaingia darasani hajui kwa nini safu ya nyuma wanamwangalia hivyo. Nimesikia mtu akijitetea kwamba ni picha ya michezo kama nyingine, sekunde imetokea hivyo. Si kweli. Katika mruko mmoja kuna picha 15 kwenye kamera yake, na hiyo ameichagua yeye. Kipimo chetu ni rahisi: mpelekee mwenyewe kabla hujaionyesha kwa mwingine yeyote. Kama huna ujasiri wa kumpelekea, jibu umeshalipata, ifute. Mwaka jana tulikuwa na picha ya mlinzi wa goli wa timu ya wasichana, vidole vimenyooka, mpira uko sentimita mbili kutoka ncha ya kidole, jasho linang'aa kwenye kope. Aliiomba mwenyewe ichapwe kubwa. Nasikia iko sebuleni kwa mama yake, Kilosa.

Mambo mawili ya mwisho ni ya kiutendaji, lakini yameumiza watu. Kwanza, jina. Msimu wa matamasha picha zetu za mechi huwa zinageuka mabango, na jina la mpiga picha halimo. Hapa nchini kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha imo kati ya kazi zinazolindwa. Kwa hiyo kiongozi wa michezo akitaka picha, aombe, na jina liandikwe chini hata kwa herufi ndogo. Nasi tukitumiana, tutumiane kama faili kamili, maana ile iliyobanwa na WhatsApp haifai kuchapwa wala kujadiliwa. Chenga utakazoziona si za kamera.

Pili, faili kamili linabeba maelezo yaliyofichika ndani yake: shata, ISO, lenzi, saa. Kwetu hiyo ni hazina, kwa sababu unaweza kufungua picha ya mwenzako na kuona alipata vipi lile bawa safi. Ila kama huduma ya mahali ilikuwa imewashwa kwenye simu, linabeba pia mahali hasa uliposimama. Picha ya yangeyange uwanjani haina tatizo. Picha ya faru ni ramani. Kabla hujaingia getini, fungua mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa mahali, zima. Na ukirudi, mtu akikuuliza mlimkutia kona gani, mwambie hifadhini.